Sifa za Karatasi Isiyo na Picha

Mmarekani anayefunga sanduku kwenda kupanda meli ya kitalii ana hati kadhaa za kuchagua, na zote zimepata wa kuzisifu isipokuwa moja. Pasipoti ina jalada la buluu na tai wa dhahabu, na mwenye nayo huitoa mfukoni taratibu ili wenzake kwenye foleni waione. Kadi ya pasipoti inakaa kwenye pochi. Leseni ya udereva angalau ina sura ya mtu, hata kama mwenye sura anaikana. Cheti cha kuzaliwa hakina jalada, hakina sura, hakiingii kwenye pochi bila kukunjwa, na kikishakunjwa hubaki na mistari kama paji la uso la mzee. Hukaa miaka chini ya droo pamoja na risiti za friji iliyokwisha kufa, na siku kikitafutwa nyumba nzima hugombana. Nakusudia kukisifu. Wala sitakisifu kwa huruma, kama anavyosifiwa mtoto aliyeshika mkia darasani. Nitakisifu kwa hoja: kwa safari ya meli inayong'oa nanga Miami, ikapita Nassau na Cozumel, kisha ikarudi Miami, hakuna hati inayolingana na safari yenyewe kuliko hii, na kila kasoro inayosingiziwa ni fadhila iliyokosa mtetezi.

Tuanze na sheria, maana ndiyo shahidi wangu wa kwanza. Tangu tarehe 1 Juni 2009, raia wa Marekani anayerudi kwao kwa nchi kavu au kwa bahari kutoka Kanada, Meksiko, Bermuda au visiwa vya Karibi hutakiwa kuonyesha pasipoti au hati nyingine ya daraja hilo. Lakini kanuni ikaacha mlango mdogo wa uani: raia aliyepanda meli katika bandari ya Marekani, meli ikazunguka ndani ya eneo hilo na kumrudisha kwenye bandari ileile aliyoondokea, anaweza kurudi kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali. Mtoto ambaye hajafika miaka 16 hahitaji hata hicho kitambulisho. Cheti peke yake kinamtosha. Watu husema mlango huu uliachwa wazi ili meli zijae, na huenda hawakosei kabisa. Mimi nauona kama fasili ya neno. Waliotunga kanuni walijiuliza swali la kifalsafa, hata kama wenyewe walidhani ni la kiforodha: mtu anayepanda chombo mahali fulani, akala siku saba mfululizo, akashuka palepale, je, amesafiri? Wahenga wa pwani yetu walikwisha kujibu kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (walisema hivyo kabla vyombo havijawekewa mabwawa ya kuogelea). Pasipoti ni kitabu cha mwenda. Ndani ya jalada lake waziri wa mambo ya nje anaziomba mamlaka za nchi nyingine zimruhusu mwenye kitabu apite bila kucheleweshwa. Cheti cha kuzaliwa hakimwombi mtu ruhusa ya kupita popote. Kinasema tu kwamba huyu alianzia hapa. Kwa msafiri ambaye mwisho wake ni pale alipoanzia, ni hati gani nyingine inayoijua njia yote?

Wa kwanza kupinga atasema kwamba hakina picha, basi kinathibitisha nini? Kinathibitisha kile kinachokijua na kinanyamazia yaliyobaki. Ni watu wangapi walio na adabu hiyo? Kinadai kwamba tarehe fulani, katika kaunti fulani, mtoto fulani alizaliwa. Kwamba mtoto huyo ndiye bwana huyu mwenye kofia ya majani na pua iliyobabuliwa na jua, hilo kinaiachia leseni ya udereva iseme. Leseni nayo inaijua sura lakini haiujui uraia, kwa kuwa hata mgeni anayeishi Marekani kihalali hupewa. Ndiyo maana wanastahili pole wale wanaofika gatini wakiringia leseni mpya yenye nyota pembeni, ile iliyoanza kudaiwa kwenye viwanja vya ndege tarehe 7 Mei 2025, wakidhani nyota hiyo ni uraia. Nyota inamwingiza mtu kwenye ndege ya kwenda Chicago. Kurudi kutoka Bahamas ni habari nyingine, na hapo leseni inakihitaji cheti kama mchi unavyohitaji kinu. (Majimbo machache, yakiwamo Michigan na New York, hutoa leseni maalumu inayobeba uraia ndani yake. Huo ni mchi uliomeza kinu na tuuache.) Kuhusu picha yenyewe, tukumbuke kwamba picha ni ahadi ambayo uso hauwezi kuitimiza. Pasipoti ya mtu mzima hufa baada ya miaka 10 na ya mtoto baada ya miaka 5, sura ikiwa imeikimbia zamani. Tarehe ya kuzaliwa haioti mvi.

Tena tusisahau nani kamzaa nani. Mtu aliyezaliwa Marekani akiomba pasipoti kwa mara ya kwanza huulizwa cheti cha kuzaliwa, kama anavyoulizwa mwombaji wa Dar es Salaam au Nairobi. Wataalamu wa usalama wa hati wana jina lao la kuiita karatasi ya aina hii, lenye maana ya hati inayozaa hati nyingine, nao hulitamka kwa wasiwasi kama watu wanaomzungumzia mama mkwe aliye chumba cha pili. Ushahidi wa ukubwa wake tunaujua vizuri sisi wa Afrika Mashariki. Barack Obama, mtoto wa Mkenya wa Nyang'oma Kogelo, alikuwa rais, amiri jeshi mkuu na mwenye ndege ya serikali mlangoni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowatosha waliodai kwamba hakuzaliwa Marekani. Tarehe 27 Aprili 2011 Ikulu ikatoa cheti chake kirefu kutoka Hawaii, chenye jina la hospitali na saini ya daktari. Wapo ambao hawakunyamaza hata hapo, lakini hilo si kosa la karatasi. Kazi yake ni kuthibitisha kuzaliwa, haijawahi kudai kwamba inatibu ukaidi.

Wapinzani wenye takwimu watakuja na hoja ya sura. Mwaka 2000 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani aliripoti kwamba ofisi zaidi ya 6,000 zilikuwa zikitoa vyeti hivi, na kwamba vilivyokuwa mikononi mwa watu vilikuwa vya aina zaidi ya 14,000. Yeye alilalamika. Mimi naona utajiri. Pasipoti zote zimefanana kama matofali, na mashine huzisoma kabla afisa hajainua macho. Cheti cha kaunti ya Texas cha mwaka 1961 humlazimisha afisa afanye jambo alilokwisha kulisahau, yaani kusoma. Huko Puerto Rico mapenzi ya karatasi hii yalipita kiasi. Shule, waajiri na taasisi nyingine walizoea kudai nakala zenye muhuri na kubaki nazo kwenye mafaili, wezi wakaigundua hazina hiyo, mpaka kisiwa kikapitisha sheria mwaka 2009 ya kuvibatilisha vyeti vyote vilivyotolewa kabla ya Julai 2010, na kila mtu akatakiwa achukue kipya. Kitu duni hakiibwi kwa mafaili.

Sasa lile pingamizi zito. Meli ina saa ya kuondoka na haina haya. Aliyechelewa sokoni Cozumel anafika gatini na kuiona ikipungua, kwanza kama jengo, kisha kama sahani, kisha kama kitone. Mwenye pasipoti anakwenda uwanja wa ndege. Mwenye cheti hawezi, kwa kuwa tangu tarehe 23 Januari 2007 anayerudi Marekani kwa ndege hudaiwa pasipoti, na yeye itambidi autafute ubalozi mdogo wa nchi yake akaombe ya dharura. Naikubali hoja hii yote, kisha naigeuza. Ni nani hasa huachwa na meli? Ni yule ajuaye kwamba ndege ipo. Pasipoti humharibu mtu kwa kumpa njia ya pili. Kwa hiyo huagiza sahani nyingine ya kamba, hubishana bei ya kofia. Mwenye cheti amekwisha kurudi ndani saa nzima kabla, viatu mkononi, amehesabu watoto mara tatu. Hakuna mwalimu wa nidhamu aliyewahi kupata matokeo kama haya kwa karatasi moja. Nakiri tu kwamba hoja yangu haimfai aliyepasukiwa na kidole tumbo katikati ya safari akashushwa kisiwani. Kwa huyo cheti hakina la kusema ila tarehe aliyozaliwa, jambo ambalo daktari angemuuliza vyovyote vile.

Watanitajia pia Martinique na Guadeloupe, ambako meli zinazopita huwadai abiria pasipoti. Lakini huko ni Ufaransa, na mtu anayekwenda Ufaransa amesafiri. Apewe kitabu chake. Kuhusu gharama sitasema mengi, maana kusifu kitu kwa urahisi wa bei ni kukitukana kistaarabu. Itoshe kwamba kwa ada za mwaka 2024, baba, mama na watoto wawili wa chini ya miaka 16 wanaoomba pasipoti kwa mara ya kwanza hulipa jumla ya dola 600, na kwamba cheti cha kila mmoja wao kimekwisha kutolewa, kipo humo ndani ya nyumba, ila hakuna anayekumbuka ni wapi.

Kasoro inayosemwa zaidi ni ya majina, na hapa sifa zangu zinapata mtihani wa kweli. Mwanamke aliyebadili jina alipoolewa ana leseni yenye jina la mume na cheti chenye jina la baba, kwa hiyo gatini huongeza cheti cha ndoa ili majina hayo mawili yatambuane. Kama aliachika akaolewa tena, huongeza hati ya talaka na cheti cha ndoa ya pili. Anasimama mbele ya kijana mwenye fulana ya kampuni ya meli akimsomesha maisha yake yote kwa mpangilio wa tarehe, huku watu mia mbili wakisubiri nyuma na mtoto akilia. Pasipoti ingelificha yote hayo chini ya jina moja. Je, si heri kupanda meli ukiwa umeelezwa kikamilifu hivyo? Mume wake, ambaye jina lake halijawahi kutikiswa na mtu, amesimama kando na karatasi moja tu, kiumbe asiye na historia. Ajabu ni kwamba katika foleni ile hakuna mwanamke aliyewahi kumwonea huruma.

Lazima nimtaje na yule mlaghai anayekichafulia cheti jina. Hospitali nyingi za Marekani humpa mzazi karatasi nzuri ya ukumbusho, yenye mapambo pembeni na alama za nyayo za mtoto kwa wino. Hii ndiyo inayowekwa kwenye fremu, na hii ndiyo inayoletwa gatini kwa furaha, na hii ndiyo inayokataliwa. Anayekubaliwa ni yule mwenye sura mbaya, aliyetoka kwa msajili wa jimbo au wa kaunti. Watanzania hawahitaji kufundishwa tofauti hii: wanajua kwamba tangazo la kizazi kutoka hospitali si cheti cha RITA, na asiyejua hujulishwa siku kijana wake anapoomba mkopo wa chuo. Nyayo ni kitambulisho madhubuti kuliko saini ya karani, hakuna ubishi, lakini karani ana muhuri na mtoto hana.

Pingamizi la mwisho linatoka Minneapolis na Columbus, kwa watu waliozaliwa Mombasa, Bukavu au Kigoma, wakaapishwa kuwa raia wa Marekani, na ambao wamesoma sifa zote hizi wakikitazama cheti chao cha kuzaliwa. Hakitawavusha. Kinasema ukweli uleule kinaousema siku zote, kwamba huyu alianzia mahali fulani, ila mahali penyewe si Miami. Kwa mantiki yake, mzunguko wa mwenye nacho ungekamilika Kilindini au Ziwa Tanganyika, na meli hizo haziendi huko. Wao watumie cheti cha uraia walichopewa baada ya kiapo. Hicho kina picha. Kukipata kingine kikipotea hugharimu dola 555 kwa anayeomba kwa fomu ya karatasi, zaidi ya mara tatu ya pasipoti ya mtu mzima, na ndicho wanachoshauriwa wakibebe baharini kati ya taulo lenye maji na chupa ya mafuta ya jua. Mwenye kadi ya kijani, kwa upande wake, atapokewa Marekani kwa kadi hiyo, lakini visiwa vya njiani vinaweza kumdai pasipoti ya kwao na pengine viza. Basi baba anapekua mkoba, mama anapanga karatasi juu ya sanduku, na mtoto wao wa miaka tisa, aliyezaliwa Minneapolis, amekwisha kupita zamani na yuko upande wa pili wa kamba, ameshika karatasi moja iliyokunjwa mara nne, anawauliza mbona wanachelewa.