Kampuni Inabana, Mimi Nanunua Vocha

Kazini kwetu, duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Kariakoo, umeshuka waraka. Una muhuri kila ukurasa na jina refu kuliko mshahara wangu: Mwongozo wa Matumizi ya Simu kwa Wafanyakazi. Lengo, unasema, ni kubana matumizi. Nimeusoma mpaka mwisho, na anayebanwa nimeshamjua.

Simu zetu binafsi zinaingia kwenye sanduku la bati mlangoni saa mbili asubuhi, funguo anakaa nazo mlinzi. Simu za kazi zote zinapigwa kwa kitochi kimoja kinacholala kwenye droo ya dada mhasibu. Ukikitaka, unajaza daftari: unampigia nani, kwa nini, dakika ngapi na, hapa ndipo nilipovua miwani, faida iliyopatikana. Mwenzangu wa stoo alimpigia mteja kumkumbusha deni la mabati. Mteja akapokea, akasikia ni nani, akakata. Kwenye safu ya faida mwenzangu akaandika: "Yupo hai."

Halafu lori letu likakatika springi Chalinze. Dereva anataka hela ya fundi. Vocha hana, maana waraka umemsahau kabisa, kwa hiyo akabipu. Dada mhasibu yuko benki, droo imefungwa. Kitochi kikawa kinalia humo ndani kama paka aliyefungiwa stoo, sisi tumekizunguka tunasikiliza. Lori lililala huko huko. Posho ya kulala ya dereva na utingo wake, ukiongeza simu za mteja aliyekuwa anasubiri saruji na mafundi wake wamekaa, sijui iliandikwa kwenye daftari gani.

Jioni tukirudishiwa simu ndipo kazi inapoanza. Mzee, bosi wetu, ana kundi lake la WhatsApp. Saa tano usiku anatupia picha za bei mpya za nondo, ujumbe wa sauti usioisha, kisha: "Mmeiona?" Asiyejibu anaulizwa asubuhi mbele ya wateja. Bando analoshushia picha hizo ni la nani? Hapo mwongozo umenyamaza kimya.

Na bando si la bure. Ndani yake kuna ushuru wa bidhaa, kuna na VAT asilimia 18. Kampuni iliyosajiliwa VAT ikinunua muda wa maongezi kwa shughuli zake na ikachukua risiti halali, VAT hiyo inaweza kuidai kwenye hesabu zake. Mimi ninayekwangua vocha ya dukani kwa Mangi nikaidai wapi, kwa mke wangu? Yaani gharama ile ile, ikihama kutoka mfuko wa kampuni kuja wangu, inanenepa njiani. Halafu mwisho wa mwezi tunatangaziwa kikaoni kwamba matumizi ya simu yameshuka, tupige makofi. Tukapiga.

Ningeelewa kama tungekuwa miaka ya tisini, kampuni ya simu ya Mobitel ilipoanza na simu ya mkononi ikawa kitu cha wakubwa. Leo vifurushi vya mitandao yote vinauzwa kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi. Muuza karanga anavyo, sisi tunaouza mabati ya mamilioni tunajaza daftari.

Mzee, najua gazeti hili unalisoma. Wauzaji, dereva na stoo wanunulie kifurushi cha mwezi kwa jina la kampuni, chukua risiti, weka kikomo. Atakayekimaliza kwa soga na shemeji yake ajinunulie mwenyewe. Maagizo ya kazi yatumwe saa za kazi. Na ile laini ya pili, inayolipiwa na kampuni wakati anayeitumia ni mwanao aliyeko chuo, nayo iingize kwenye mwongozo, ukurasa wa kwanza kabisa.