Barua ya wazi kwa mlezi wa stoo za mavazi

Kwa Mheshimiwa Mlezi wa Stoo za Mavazi,
Tamthilia Zote za Jioni,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA KUTUONDOLEA KAZI YA KUFIKIRI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtazamaji wa siku nyingi, tangu enzi za michezo ya kundi la Kaole pale ITV, na naandika kukushukuru. Siku hizi nawasha runinga, sauti hata sijaifungulia, nimeshajua nani atamchukulia nani mume. Kucha nyekundu, kope za bandia, sketi juu ya magoti: ndiye. Aliyevaa dera na mtandio atalia hadi sehemu ya mwisho. Ikitokea yule wa kwanza ametubu, hamtusumbui kwa maneno. Mnateremsha pindo mpaka kwenye kisigino, mnamfunga mtandio, na dhambi zake zote zinafutwa na fundi cherehani.

Wazee nao mmewarahisisha. Kijana ambaye shingo yake haina hata kunyanzi moja mnammwagia unga wa ngano kichwani, mnamkabidhi mkongojo, tayari ni babu. Akikohoa, unga unamdondokea begani, nasi tunajua kikao cha ukoo kimeanza.

Ila nakupigia saluti hasa kwa beki tatu, dada wa kazi. Kitambaa kimekaa upande, kandambili kila mguu na rangi yake, mdomo wazi mbele ya bosi. Sijui huwa mnamtoa wapi. Wa mtaani kwetu Jumapili hushukia soko la mitumba la Mchikichini, belo likifunguliwa yuko mstari wa mbele, na wageni wakibisha hodi humwamkia yeye wakidhani ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko nyuma yake, kajifunga kanga ya jikoni na fulana ya kampeni za uchaguzi uliopita. Jioni moja beki tatu huyo alisimama mlangoni akatazama nasi tamthilia yenu. Sebule nzima ikaangua kicheko beki tatu wenu alipoingia na sinia. Yeye akauliza tu, “Mama, kwani huyo kwao hakuna kioo?” Naomba mumsamehe. Hajasomea sanaa.

Kuhusu mganga, kazeni uzi uleule: kaniki, kitambaa chekundu, vibuyu, na lile duara la chaki kwenye jicho moja tulilolizoea kwenye filamu za Kinaijeria. Msidanganywe na mambo ya serikali. Ni kweli ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalowasajili waganga. Ni kweli pia kwamba wa mtaa wetu huvaa shati lililopigwa pasi, cheti kakitundika ukutani, na malipo hupokea kwa simu. Lakini mganga mwenye risiti atamtisha nani?

Tajiri wenu aendelee kukaa sebuleni na suti saa tano za usiku, tai imemkaba, akinywa juisi. Mkewe alale na wigi na aamke nalo, wanja haujachezeka. Na mwanakijiji asivuliwe ile kaptula ya viraka yenye mkanda wa kamba ya katani. Mitumba ilishafika vijijini, watu wanapalilia mahindi na jezi za timu za Ulaya, lakini mkimwonyesha hivyo tutashindwa kumhurumia.

Nakuonya jambo moja. Majirani zetu Kenya waliwahi kuvuruga utaratibu huu. Katika Papa Shirandula ya Citizen TV, marehemu Charles Bukeko aliigiza mlinzi aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake. Nyumbani alitoka na suti kama mtu mwenye cheo, akifika kazini anavaa sare ya ulinzi. Nguo ikawa uongo wake mwenyewe, si muhuri aliopigwa na stoo, ikabidi tumsikilize ndipo tumjue. Kichekesho hicho kilidumu hewani zaidi ya miaka kumi. Usiruhusu fujo za namna hiyo hapa.

Mwisho, nina pendekezo la kubana matumizi. Kwa kuwa nguo zinafanya kazi yote, waigizaji wa nini? Wanadai posho, wanachelewa lokesheni, wanataka chakula. Funga kamba uwani, anika suti, dera, kaniki na sketi fupi, washa kamera. Upepo ukivuma, suti ikagusa sketi, ndoa imevunjika. Kaniki ikipepea, mtu karogwa. Dera likilowa, tumejua nani kalia. Msimu mzima unakwisha kwa gharama ya vibanio.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtazamaji.

Nakala:
Muuza unga wa ngano: aongeze oda.
Mganga, mtaa wa pili: kwa WhatsApp.
Mwandishi wa muswada: akiamka.