Godoro la Upepo, Mama Mkwe na Sheria ya Gesi

Godoro la upepo la watu wawili lina chumba kimoja tu cha hewa, na hewa hiyo haijui nani amelala juu yake. Mzito akijilaza upande mmoja, hewa hukimbilia upande wa pili. Mzito huzama, mwepesi huinuliwa, na katikati yao hutokea mteremko. Kuanzia hapo mwepesi hana hiari. Ataporomoka. Kwa mke na mume hali hiyo yaweza hata kuhesabiwa kuwa faida. Kwa mke na mama mzaa mumewe, waliolazwa hema moja kwenye kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwa sababu wanaume wamejitengea hema kubwa kwa kisingizio cha kulinda mizigo, ni maafa ambayo hayajapoa.

Kisa hicho ni cha juzi juzi na kinastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwani godoro lilifanya kila ambacho fizikia inaliruhusu kufanya. Lilijazwa saa kumi jioni, jua likiwaka, kwa pampu ya mguu, mpaka lilipopigwa kofi likalia. Shemeji mmoja alijitupa juu yake kulijaribu, akatangaza kwamba hotelini hakuna kitanda cha namna ile. Saa tatu usiku lilikuwa bado limejaa. Saa sita lilikuwa limelegea kiasi kwamba nyonga ya mama mkwe iligusa ardhi ya Ngorongoro moja kwa moja, na mkwewe alikuwa ameanza safari ya kuteremka.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu saa hiyo ni kutafuta tundu. Godoro halikutoboka. Hili linasisitizwa kwa sababu lawama iliangukia pini za mtandio wa mhusika mwepesi, na mpaka leo hajasafishwa jina. Kilichotokea kinaelezwa na sheria inayobeba jina la Jacques Charles, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupaa kwa puto la hidrojeni, mwaka 1783. Gesi ikipoa husinyaa, na husinyaa kwa kadiri inayoweza kupigiwa hesabu. Hesabu hufanywa kwa kipimo cha Kelvin, ambacho sifuri yake iko nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hewa iliyoingia godoroni ikiwa na nyuzi 27, yaani Kelvin 300, ikishuka usiku hadi nyuzi 6, yaani Kelvin 279, hupoteza sehemu 7 katika kila 100 za ujazo wake. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na kati ya Juni na Agosti kushuka huko si ajabu. Sehemu 7 zinaonekana chache kwa asiyelalia hewa. Lakini kinachombeba mlalaji ni mkazo tu wa hewa iliyobanwa, na mkazo huo ndio unaoondoka kwanza. Zaidi ya hayo, plastiki ya PVC hutanuka ikilaliwa, hasa ikiwa mpya. Kwa hiyo mfuko unakua wakati uleule ambao kilichomo kinapungua. Ni vigumu kulichukia jambo lililopangika vizuri hivyo, ingawa mtu hujitahidi.

Anguko la kwanza lilipita kwa adabu. "Samahani, mama." "Lala, mwanangu." La pili lilipokewa kwa mguno. La tatu lilizua swali: "Kwani huko kwako kuna nini?" Kurudi juu ya mteremko kulihitaji kushika mshono wa hema na kujivuta, na kila mvuto ulimrusha mama mkwe, kwa kuwa hewa inayosukumwa upande mmoja haina pa kwenda ila upande wa pili. Alirushwa, akashuka, akamtaja Mungu. Ndipo tembo akaja. Tembo wa ukingo ule wamezoea kuingia kambini kunywa kwenye tangi la maji, na agizo la walinzi linajulikana: kaa hemani, tulia, usipige kelele. Agizo hilo halielezi mtu afanye nini ikiwa amri ya kutulia imemkuta chini ya kwapa la mama mzaa mumewe, pua ikiwa kwenye khanga yake, mkono mmoja umezunguka kiuno asichopaswa hata kukitazama. Tembo mkubwa anaweza kunywa maji mengi kwa mkao mmoja, na huyu hakuwa na haraka. Alivuta, akameza, akapumzika, akavuta tena. Kila godoro lilipotaka kulia, mama mkwe alimbana mkwewe kwa nguvu zaidi ili litulie.

Asubuhi, mbele ya mashemeji, dereva na mpishi wa safari, mama mkwe alimwambia mwanawe: "Mkeo kanikumbatia usiku kucha. Mapenzi haya sikujua tunayo." Mpishi alijimwagia uji mkononi kwa kucheka. Tangu siku hiyo katika ukoo ule mtu akitaka chumvi mezani huulizwa kama anaifuata mwenyewe au anaporomoka.

Dawa ya mteremko ni magodoro mawili ya mtu mmoja mmoja. Lakini hata hayo hayatibu baridi, ambayo ndiyo kesi kubwa zaidi ya usingizi wa hemani na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi hupeleka mablanketi ya kujifunika, huku joto likitoroka kwa chini. Ardhi baridi ni kubwa, haishibi, na mwili ulioigusa huipasha usiku mzima bila kuifikisha popote. Mfuko wa kulalia hausaidii sana upande huo, kwa sababu kinachozuia joto ndani yake ni hewa iliyokamatwa katikati ya manyoya au nyuzi, na mgongo wa mlalaji umekwisha kuikamua yote. Godoro la upepo tupu nalo, pamoja na unene wake wa kujionyesha, lina hewa iliyo huru: kila mtu anapogeuka, hewa iliyopata joto husukumwa pembeni na ile baridi ikachukua mahali pake. Sponji ngumu yenye unene wa sentimita mbili, ile ya vishimo vilivyofungwa, huishinda kwa mbali, maana hewa yake imefungiwa kila tone mahali pake.

Uwezo huu wa kuzuia joto hupewa namba, thamani ya R. Kubwa ni bora. Sponji ngumu ya kawaida hukaribia 2, godoro tupu la upepo mara nyingi halifiki 1, na wanaolala juu ya theluji hutafuta 5 au zaidi. Kabla ya mwaka 2018, ulipotoka utaratibu wa pamoja wa kupima uitwao ASTM F3340, kila kiwanda kilipima kwa namna yake na kujipa alama kilizotaka. Uzuri wa namba hizi ni kwamba hujumlishwa: sponji ya 2 juu ya godoro la 1 ni 3. Blanketi la tatu, kwa hiyo, lina kazi zaidi likitandikwa kuliko mtu akijifunika nalo, jambo ambalo dereva wa msafara ule alilijua, kwani alilala chini juu ya kipande cha sponji na kukoroma kwake kulisikika hadi kwa tembo.

Kati ya upepo na sponji kuna godoro linalochanganya vyote viwili. Lilibuniwa Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wahandisi waliopunguzwa kazi Boeing, Jim Lea na Neil Anderson wakiwemo. Wazo lilikuja wakati wa kutunza bustani: mtu akipiga magoti juu ya sponji, hewa hutoka, akiinuka, sponji huivuta tena yenyewe. Waliifunga sponji ndani ya mfuko usiopitisha hewa, wakaweka valvu, na godoro likaanza kujijaza bila pampu wala shemeji.

Mfuko wa kulalia wenyewe huandikwa nyuzi za baridi unazomudu, na hapa ucheshi unapungua. Kipimo cha kimataifa, ISO 23537, kilichotanguliwa na kile cha Ulaya, hutoa namba tatu za baridi. Ya kwanza ni ya kulala kwa raha. Ya pili ni ya kuvumilia, mtu akijikunja. Ya tatu ni ya kutokufa: saa sita za kutetemeka, huku hatari ya mwili kupoteza joto ikiwa ipo. Namba ya raha imekadiriwa kwa mwanamke wa miaka 25, kilo 60, mwenye urefu wa mita 1.60. Mama wa Tanga wa miaka sitini na kitu, aliyezaliwa na kuzeekea kwenye joto, hayumo katika hesabu hiyo. Na namba inayochapwa kwa herufi kubwa, au inayotajwa na anayekodisha, wakati mwingine ni ile ya tatu. Mteja huambiwa mfuko "unamudu hasi kumi", hulipa, huenda, na hugundua saa tisa usiku kwamba alichouziwa ni ahadi ya kupatikana hai. Hata mfuko wa kweli hauna joto lake wenyewe. Chupa ya chai haipashi chai. Anayeingia ndani amepoa hulala amepoa, ndiyo maana waongozaji husisitiza chakula cha moto na soksi kavu kabla ya kufunga zipu.

Uchungu zaidi uko Kilimanjaro. Huko magodoro manene ya wageni hupandishwa hadi kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kichwani na mgongoni mwa wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, ambao mzigo wao umewekewa kikomo cha kilo 20. Usiku, katika misafara mingi, wagumu hao hujibana ndani ya hema la kulia chakula, tena baada ya wageni kumaliza kula na kuondoka, juu ya sponji nyembamba au bila sponji. Tangu mwaka 2003 upo mradi wa kuwasaidia, KPAP, unaoazimisha nguo za baridi na kufuatilia jinsi kampuni zinavyowatunza. Kwamba aliyebeba godoro ahitaji mradi ili apate kulalia ni jambo ambalo wasambazaji wa usingizi mwanana hawaliweki kwenye picha zao.

Yaliyobaki ni mafupi. Kitanda cha kukunja humwinua mlalaji juu ya mawe, lakini upepo hupita chini yake, hivyo nacho hudai sponji. Mto hutengenezwa kwa sweta ndani ya foronya. Viatu havifai, wala havijawahi kufaa. Mahali penye mwinamo, kichwa huelekezwa juu. Machela hulaliwa kimshazari ili mgongo unyooke, na huhitaji miti miwili, bidhaa adimu kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti. Godoro la kujijaza huhifadhiwa limekunjuliwa, valvu wazi, ili sponji isisahau umbo lake na unyevu wa pumzi utoke; likiazimwa, hurudi limekunjwa, lina ukungu, na valvu imepotea.