Jinsi ya Kuishi Bila Serikali na Bado Upigiwe Mizinga 21

Kosa kubwa la watu waliotaka kuishi bila serikali ni kwamba walikuwa watu. Bakunin alikuwa mtu, akafungwa. Kropotkin alizaliwa mwanamfalme huko Moscow, lakini naye alikuwa mtu, akatupwa gerezani St. Petersburg mpaka alipotoroka mwaka 1876. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuwa mwanaanarkia usisumbuke na vitabu. Kuwa nchi.

Nchi haina mkubwa. Juu yake hakuna polisi, mjumbe wa nyumba kumi wala mama mkwe. Maprofesa wa siasa za kimataifa wanalijua hilo na wala hawaoni haya: hali hiyo wanaiita anarkia. Hedley Bull aliliweka neno hilo kwenye jina la kitabu chake mwaka 1977. Kenneth Waltz, mwaka 1979, akajengea nadharia nzima juu yake. Jirani yako akisema hatambui mamlaka yoyote juu yake, huyo mhuni. Nchi ikisema vilevile, hiyo ni nchi huru, na balozi wake hupokelewa kwa chai.

Ukishapata bendera na wimbo, tafuta kiti cha kudumu kwenye Baraza la Usalama. Viko vitano tu, na waliovikalia hawana dalili ya kuinuka. Uzuri wa kiti hicho ni kura ya turufu. Februari 2022 zamu ya kuliongoza Baraza ilikuwa ya Urusi. Tarehe 24 majeshi yake yakaivamia Ukraine. Tarehe 25 likaletwa azimio la kuulaani uvamizi huo, na Urusi, ikiwa bado kwenye uenyekiti, ikalipiga turufu. Kijijini kwetu aliyeshukiwa kuiba mbuzi hawezi kuongoza kikao cha wazee kinachomjadili mbuzi huyo. Halafu tunaambiwa sisi ndio tusiojua utawala bora.

Je, ukishtakiwa? Hapo Marekani ndiyo mwalimu. Mwaka 1984 Nicaragua iliishtaki kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, kwa kutega mabomu bandarini mwake na kuwasaidia waasi. Marekani ilipoona kesi inaendelea, ikaacha kuhudhuria. Hukumu ikatoka 1986: ina makosa, na inapaswa kulipa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unasema aliyeshinda asipolipwa anaweza kwenda Baraza la Usalama. Nicaragua ikaenda. Ikamkuta mdaiwa amekaa palepale, turufu mkononi. Jaribu mbinu hiyo mahakama ya mwanzo, kesi ya kuku, uone utalala wapi.

Nchi ndogo zina njia yao, kujitoa mahakamani, ila haina uhakika. Burundi iliondoka Mahakama ya Jinai ya Kimataifa tarehe 27 Oktoba 2017. Majaji walikuwa wameshatoa kibali cha uchunguzi tarehe 25. Ukigoma bila turufu, tazama saa.

Onyo: kwa vyovyote vile usiwasome wanaanarkia wenyewe, watakuharibia. Hawakusema kila mtu afanye atakavyo. Kropotkin, katika kitabu chake cha mwaka 1902, alisema viumbe hudumu kwa kusaidiana, na alipenda kutoa mfano wa reli za Ulaya: kampuni tele, treni zinavuka mipaka, hakuna mfalme wa reli. Walipatana tu. Ukiongeza posta, ambayo tangu 1874 inavusha barua kutoka nchi hadi nchi bila serikali ya dunia kuisimamia, mambo yanaanza kuonekana yanawezekana, na hilo si jema kwa nchi inayojiheshimu. Fundisho lao lilikuwa na kurasa mbili: asiwepo mtu juu yangu, wala asiwepo mtu chini yangu. Wewe kariri wa kwanza. Wa pili fungia maandazi.

Na kama umeshindwa kabisa kuwa nchi, umebaki raia kama mimi, bado kuna siku moja kwa mwaka. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai kazi iwe saa 8 kwa siku. Bomu likarushwa katika mkutano wa Haymarket. Aliyelirusha hakujulikana, lakini wanaanarkia 8 walitiwa hatiani, na 4 wakanyongwa mwaka uliofuata. Ndiyo asili ya Mei Mosi. Basi waenzi ipasavyo: chukua fulana na kofia ya bure, panga mstari, pita mbele ya jukwaa kuu kwa utaratibu uliowekwa, kisha simama juani umsubiri mgeni rasmi. Akisema mishahara itaangaliwa pindi uchumi utakaporuhusu, piga makofi.