Mheshimiwa Gavana, Tunaomba na Mkojo Upimwe

Kwa Mheshimiwa Profesa Peter Anyang' Nyong'o, Gavana wa Kaunti ya Kisumu

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima naomba ruhusa ya kukuchukulia muda wako. Mimi ni mkazi wa Obunga, niliyelelewa na shangazi aliyekuwa akikaanga mgongo wazi, na sikuzoea kuwaandikia wakubwa. Nikikosea namna ya kukuita, au nikirefusha maneno, niwie radhi kama mzazi anavyomwia radhi mwanawe.

Ni kwa ajili ya huyo shangazi ninaandika. Miaka mingi aliamka alfajiri kupokea mifupa ya mbuta, ndiyo mgongo wazi wenyewe, kutoka viwandani, minofu ikiwa imekwenda zake ng'ambo. Aliianika, akaitia chumvi, akaikaanga kwenye karai kando ya njia. Alijua ana presha. Kituo kimoja cha afya kilimfunga mkono na kumpima kila alipokwenda, kikampa vidonge vilipokuwepo, na visipokuwepo kikamwambia arudi wiki nyingine. Mgongo wake ulipouma kwa kuinamia moto, alinunua diklofenaki dukani akameza karibu kila siku. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa za maumivu za aina hiyo huumiza figo. Asubuhi moja mwiko ulimponyoka, mdomo ukaenda upande, maneno yakamkataa. Ni huko hospitalini alikolazwa ndipo damu yake ilipochunguzwa, tukaambiwa figo zimekuwa zikidhoofika kwa muda mrefu.

Sisi nyumbani tulidhani ugonjwa wa figo mwisho wake ni mashine ya kusafisha damu. Daktari alituketisha akatueleza, kwa upole ambao sitausahau, kwamba wengi wenye figo dhaifu hawafiki kwenye mashine kamwe: moyo au kiharusi huwawahi.

Uniruhusu nikueleze nilivyoelewa, ingawa wewe umesoma kuliko mimi. Figo na ubongo hupokea damu nyingi mchana na usiku kupitia mishipa myembamba sana. Presha ikizidi, vichujio vya figo hutoboka na protini huvuja kwenye mkojo, mwenyewe asihisi lolote. Protini hiyo ni ishara kwamba mishipa midogo ya mahali pengine, hata ya kichwani, nayo inaharibika. Kisha figo hushindwa kutoa chumvi na maji, presha ikapanda zaidi, kuta za moyo zikanenepa, mishipa ikakakamaa kwa chokaa. Presha huua figo, na figo nazo huiongeza presha. Jambo hili si geni: mwaka 1836 daktari Richard Bright wa London alikwisha kuandika juu ya mioyo iliyonenepa aliyoiona kwa wagonjwa wa figo. Karibu miaka mia mbili, Mheshimiwa, na shangazi yangu alifungwa mkono tu.

Tunashukuru sana kwa yaliyofanyika. Desemba 2018 Kisumu ilikuwa mojawapo ya kaunti nne zilizoanza majaribio ya afya kwa wote. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanatembea nyumba kwa nyumba na mikoba yenye mashine za presha na za kupima sukari. Hospitali ya Jaramogi, ambayo wazee wetu wangali wanaiita Russia, ina mashine za kusafisha damu, na bima ya SHA humlipia mgonjwa aliyesajiliwa. Sithubutu kusema hayo ni madogo. Yeyote aliyemsindikiza jamaa yake kwenye mashine mara mbili kwa wiki anajua thamani yake.

Ila msaada huo unamkuta mtu akiwa ameshafika mwisho wa njia. Ombi langu ni la mwanzo wa njia, na ikikupendeza, liwe hili: kila mtu anayekutwa na presha au sukari katika zahanati ya kaunti apewe kikopo, na mkojo wake upimwe kwa kile kijiti cha protini siku hiyo hiyo. Kijiti kikibadilika rangi, achukuliwe damu ipimwe kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Losartani na enalaprili, ambazo hushusha presha na pia hupunguza protini inayovuja, zisikosekane rafuni. Na wauza dawa waombwe kumuuliza mteja kama ana presha kabla ya kumuuzia diklofenaki.

Watu wa Kisumu wanaweza, Mheshimiwa. Ukimwi ulitufunza kumeza kidonge kila siku maishani na kwenda kliniki bila kuona haya. Virusi hivyo navyo huharibu figo, kwa hiyo wengi wa wanaohitaji kijiti hiki tayari wako kwenye foleni zenu. Na la haya unalijua wewe mwenyewe: ukiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, ulizungumza hadharani kuhusu saratani yako ya tezi dume. Wanaume wengi wa huku hawakuwa wamewahi kumsikia mkubwa akitaja ugonjwa wa sehemu hiyo ya mwili wake. Ndiyo maana nimepata moyo wa kukuandikia.

Shangazi sasa hukaa kitini mbele ya nyumba. Mkono wa kulia haushiki mwiko. Binti yake ndiye anayekaanga, yeye anahesabu pesa kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita binti huyo alipimwa presha nyumbani, ikawa juu. Ana miaka 34. Alikwenda kituoni akaambiwa apunguze chumvi, nalo ni kweli. Mkojo haukuulizwa.

Nakusihi kwa unyenyekevu uanze naye.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Obunga