Muulize Shangazi: Redio ya Gari Inatema CD Yangu

Wiki hii mfuko wa barua umejaa vilio vya wenye magari ya zamani. Wenye matatizo ya wakwe na mikopo wavumilie kidogo. Hawa wa CD wana hali mbaya zaidi.

*Shikamoo Shangazi. Nina Corolla ya mwaka 1998, na redio yake ni ile ile iliyoshuka nayo bandarini. Nimechoma nyimbo 150 kwenye CD moja, za kunifikisha Dodoma bila wimbo kujirudia. Redio inaimeza, inanung'unika kidogo, halafu inaitema. Kwenye kompyuta ya ofisini CD hiyo hiyo inaimba mpaka bosi anatikisa kichwa. CD ya kwaya niliyonunua dukani inaimba bila shida. Mama mkwe anasema gari limeokoka. Nifanyeje? — Aliyetemwa, Kimara*

Marahaba mwanangu. Gari halijaokoka. Redio yako haijui MP3, basi. CD ya kwaya imeandikwa kwa utaratibu ambao Philips na Sony walikubaliana mwaka 1980: sauti yenyewe, isiyobanwa, dakika 74 mpaka 80 kwa diski. Wewe umeipa mafaili ya MP3, yaliyobanwa. Kompyuta inayafungua kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Redio yako ni mzee aliyezoea kuwekewa wali mezani, nawe umemtupia gunia la mpunga. Itazame usoni. Kama hakuna mahali palipoandikwa MP3, usiibembeleze.

Rudi kwenye kompyuta. Programu ya kuchomea itakuuliza unataka diski ya aina gani: chagua "Audio CD", usiguse "Data". Itayafumua mafaili yako yawe sauti ya kawaida. Usitarajie kwamba utamu uliopotea wakati wa kubanwa utarudi. Wimbo uliopauka utabaki umepauka, ila sasa utapauka ndani ya gari. Mwishoni kubali diski ifungwe kabisa. Ukiiacha wazi ili kesho uongeze nyimbo mbili za shemeji, kompyuta itakuelewa, lakini redio ya zamani haitaona hata orodha ya nyimbo.

Sasa habari chungu: nyimbo 150 hupati. Ukihesabu dakika nne nne, zitaingia 18, labda 20. Itabidi uchague, na najua wanaume waliooa kwa haraka zaidi ya hapo. Wala usiniambie utasikiliza FM njiani. Redio nyingi zilizotoka na magari ya Japani enzi hizo zilipokea kuanzia 76 mpaka 90 MHz, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kipo kifaa kidogo ambacho mafundi hukifunga ili kuyashusha masafa, lakini hukukiuliza. Nakitaja tu, mama mkwe asije akasema gari limekataa na taarifa ya habari.

*Shangazi, mume wangu ana CD moja tu. Kila Jumapili anaifuta na kuchoma nyimbo mpya, anasema huo ndio uchumi. Sebuleni kwenye deki inaimba vizuri. Garini inaandika ERROR, naye ananilaumu kwamba nimeikalia. — Mke wa Mbanaji, Morogoro*

Mama, hata kama uliikalia, si sababu. Diski inayofutika ni CD-RW. Redio husoma kwa kuimulika diski kwa leza na kupokea mwanga unaorudi. CD ya dukani hurudisha kama asilimia 70 ya mwanga huo. CD-R, ile ya kuandikwa mara moja tu, huikaribia. CD-RW hurudisha asilimia 15 mpaka 25, na redio ya zamani ikipata kiasi hicho hudhani haijapewa kitu. Deki ya sebuleni bila shaka ilitengenezwa baadaye, ikafundishwa kuukuza huo mwanga hafifu.

Mwambie anunue CD-R, na asichome kwa mwendo wa juu kabisa kama anakimbizwa. Aanzie 8x au 16x. Redio nyingi za zamani huridhika zaidi hapo. Naye akileta tena habari za uchumi, kagua na soksi zake.

*Shangazi, nilibandika stika yenye picha ya harusi yetu juu ya CD. Imeingia kwenye redio, haitoki. Nitumie kisu cha mkate? — Bwana Harusi, Tanga*

Hapana.

Joto la gari limelegeza gundi, stika imebanduka na kushika humo ndani. Usisukumizie CD ya pili kwenda kuiokoa ya kwanza. Mpelekee fundi aifungue redio. Siku nyingine andika juu ya diski kwa kalamu ya wino yenye ncha laini, na picha ya harusi itundikwe ukutani.

*Shangazi, CD inaruka njia nzima. Shemeji anasema ni barabara. Mimi nasema ni shemeji, maana ndiye aliyeichoma. Tuamue. — Mpenda Haki, Iringa*

Kesi hii ina kipimo. Ikiruka palepale kwenye wimbo, hata gari likiwa limesimama, kosa ni la diski. Ikiruka palepale kwenye tuta, barabara ina hatia na shemeji aombwe radhi. Ikiruka ovyo popote, na CD za dukani nazo zikiruka, lenzi ina vumbi.

Kabla ya hukumu, igeuze diski. Uchafu wa upande unaong'aa upanguse kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Watu huulinda upande huo kama yai, halafu upande wa maandishi wanaulaza juu ya funguo na sarafu. Nyimbo ziko chini kidogo tu ya maandishi hayo. Mkwaruzo uliozama hapo hauna dawa. Na kama uliianika juu ya dashibodi tangu Juni, kosa ni lako: CD-R hushika nyimbo kwa tabaka la rangi, na jua huila rangi hiyo.

*Nachoma mchanganyiko wa nyimbo za wasanii na kuuza stendi. Biashara hii ina faida? — Mjasiriamali, Manzese*

Waulize COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki. Nenda na begi la nguo.

Wasomaji, mkiandika tajeni aina ya gari, mwaka wake na neno linalotokea kwenye kioo cha redio. Nawaomba pia msinitumie CD zenyewe ili nizisikilize. Gari la ofisi hii lina redio ya kaseti.