Jua la Bomang'ombe na Namna ya Kulipiga Chenga

Kuanzia Januari mpaka masika yatakapoingia, kila bodaboda wa Bomang'ombe hubeba abiria asiyelipa nauli. Hupanda kwenye saa nne asubuhi, akakaa utosini, na hashuki kabla ya saa kumi jioni. Ukimgombeza hasikii, ukiongeza mwendo upate kumkimbia mnafika pamoja. Mwongozo huu ni wa namna ya kumbeba bila kumwachia usukani.

Kwanza mjue. Bomang'ombe iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 3 na ushei, ndiyo maana karibu na tarehe 12 Machi jua la saa sita na nusu linapita juu ya kichwa kabisa na kivuli chako kinaingia chini ya viatu. Mwanzoni mwa Oktoba linarudia mchezo huohuo. Mchana wa Februari joto la hewa hupita nyuzi 30 bila shida, na hizo ni za kivulini. Lami ya barabara kuu ya Moshi na Arusha haina kivuli, nayo hupita nyuzi 50. Kwa hiyo dereva anapikwa kutoka pande tatu: jua juu, lami chini, na katikati ya magoti kuna injini inayotegemea upepo ili ipoe.

Watu wengi wanadhani hatari ya joto ni kuanguka na kuzimia. Hiyo huja mwisho. Joto huanza na akili. Unampita abiria aliyekupungia mkono na hukumwona. Unaulizwa nauli ya Kwa Sadala unataja ya Sanya Juu. Ukijikuta umetoa chenji ya elfu kumi kwa mtu aliyekupa elfu tano, usiilaumu hesabu uliyofundishwa shuleni: zima pikipiki, tafuta kivuli, kunywa maji. Akili hiyohiyo iliyokosea chenji ndiyo unayoitegemea kukisia mwendo wa basi linaloteremka kuelekea daraja la Kikafu, na basi halikurudishii chenji.

Upepo ndio unaodanganya. Ukiwa kwenye mwendo, shati ni kavu na unajiona uko salama, kumbe jasho linakauka kabla hujaliona. Ukisimama tu, linabubujika lote. Kwa hiyo usingoje kiu. Kunywa mafunda mawili matatu kila unaposhusha abiria, na ukienda chooni tazama rangi: mkojo ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa. Chukua maji ya bomba yanayotoka mlimani ukiwa bado mjini, maana visima vya tambarare, hasa kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, vinajulikana kwa floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Ukiwa juu Machame ukakuta mfereji wa mfongo unapita, nawa uso, lowesha kichwa, lakini usinywe.

Jasho likiwa limetoka kutwa nzima, maji peke yake hayatoshi kwa sababu chumvi nayo imetoka. Chumvichumvi za pakiti zinauzwa duka la dawa, na ukizikosa unaweza kujitengenezea: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe. Mchana kula mtori. Una maji, una chumvi, unashuka bila kulemea. Sahani kubwa ya ugali na nyama ya kuchoma saa saba ni tamu, lakini inakuja na usingizi, na usingizi juu ya pikipiki hauna mto. Kopo la enaji linakuchangamsha kwa muda bila kulipa deni la maji unalodaiwa. Mbege ni kinywaji cha heshima, kina mahali pake kwenye sherehe na vikao vya ukoo, na mahali pake si mchana kabla ya safari. Viroba vilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017, na kilichokuwa ndani yake hakikuwa salama zaidi kikihamia kwenye chupa.

Kuna kijana wa kijiwe cha njia ya Sanya Juu ambaye ningependa kila dereva amwangalie anavyofanya kazi saa saba mchana. Pikipiki yake ameigeuza, siti iko upande wa mwarobaini na tairi la mbele ndilo lililoachiwa jua. Juu ya siti kuna gunia lililoloweshwa. Shingoni amefunga leso ya pamba yenye maji, na kila inapokauka anaichovya tena kwenye ndoo ya kijiwe. Alikuja mama wa makamo na kikapu cha parachichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipeleke Rundugai. Ila hiyo siti yako si itanichoma?"

"Nimeifunika tangu saa sita, mama. Hebu iguse."

Mama akaigusa kwa kiganja, akaguna kwa kuridhika, akakaa. Kijana akampa kofia ngumu, na ndani yake mlikuwa na kitambaa safi kilichokunjwa. Madereva wawili waliotangulia kwenye foleni, siti zao zikiwa juani, walibaki wanatazamana. Gunia moja lilishinda maneno yote ya kuita abiria.

Sasa mavazi. Bodaboda wetu wamegawanyika katika kambi mbili, na zote mbili zinaungua. Kambi ya kwanza imevaa jaketi la baridi la mitumba kutoka soko la Memorial pale Moshi, lile lililoshonewa theluji za watu wa mbali, zipu mpaka kidevuni. Linafaa saa kumi na mbili asubuhi ukitoka Masama, halifai saa saba ukiwa njia ya KIA. Kambi ya pili imevua yote, imebaki na singlendi, mikono wazi. Hao wanaona raha kwa muda, kisha jua linawanyonya maji moja kwa moja, na wakianguka lami inachukua ngozi bila kizuizi. Vaa shati la pamba la mikono mirefu, pana, la rangi nyepesi, na suruali nzito ya kutosha kulinda goti. Mwaka 1980 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti kuhusu makanzu ya Mabedui wa jangwani. Watafiti walikuta kwamba hata kanzu nyeusi haikumzidishia mvaaji joto mwilini, kwa sababu ni pana na hewa inapita kati yake na ngozi, joto likaishia nje. Wazee wa Kimasai wa tambarare za Hai, na shuka zao zinazopepea, hawakuhitaji jarida kuwaambia hivyo.

Kofia ngumu ndiyo inayotupwa kwanza joto likipanda. Utaiona imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, imevaliwa kiwiko, imekaa juu ya tangi, kila mahali isipokuwa kichwani. Naelewa kero yake, lakini kero si sababu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaitaka, na hata isingeitaka, tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Pale KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, tafiti za majeraha ya kichwa zimeonyesha ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu, na pikipiki zina sehemu kubwa. Lile povu gumu lililo ndani ya kofia linazuia pia jua lisifikie utosi. Kinachochosha ni jasho lililokwama, na jasho lina dawa: vaa kitambaa chembamba cha pamba chini ya kofia, fungua kioo ukisimama, fua kitambaa cha ndani kila wiki. Kofia ya abiria ndiyo uifue zaidi. Abiria wengi wanaoikataa hawakatai usalama, wanakataa jasho la watu waliotangulia.

Chombo nacho kina mwili. Injini ya pikipiki zetu nyingi hupozwa na hewa, kwa hiyo ukisimama unapiga soga huku inanguruma, unaiunguza bila kusogea hata hatua moja. Zima. Tazama kiwango cha oili kila asubuhi kabla hujawasha, tumia ile nzito ya 20W-50 kama mtengenezaji anairuhusu, na usisogeze siku ya kuibadilisha kwa sababu wiki hii biashara ni nzuri. Upepo wa tairi upime asubuhi tairi likiwa baridi. Mchana hewa iliyo ndani inavimba na kipimo kinapanda, hiyo ni kawaida, usiipunguze. Anayeitoa mchana kesho yake asubuhi anaendesha tairi legevu, na tairi legevu hujikunjakunja, likapata joto zaidi, likapasuka. Tangi nalo usilijaze mpaka mdomoni ukaliacha juani: petroli ya tangi la lita 10 ikiongezeka joto kwa nyuzi 20 huvimba karibu moja ya tano ya lita. Hiyo ni glasi nzima inayotafuta pa kutokea, juu ya injini ya moto.

Mshikaki sitaufundisha. Watu watatu juu ya siti moja saa nane mchana wanafunga hewa yote, tairi la nyuma linaelemewa, breki inachelewa. Kataa kwa upole, mwite mwenzako wa foleni, mgawane.

Nafika kwenye chenga yenyewe, ile ambayo watu wa mahali pengine hawana na sisi tunayo bure. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6. Wilaya ya Hai yote imelala kwenye mteremko, kutoka migomba ya Machame mpaka vumbi la Rundugai na chemchemi ya Chemka. Maana yake, dereva wa Bomang'ombe anaweza kuendesha katika hali mbili za hewa ndani ya saa moja. Basi kijiwe kikae kipange. Safari za tambarare, za Rundugai, Chemka na KIA, zipewe nguvu alfajiri na jioni. Mchana, mwenye afya dhaifu, aliyefunga, au aliyechoka apewe abiria wa Masama na Machame, na mwenye nguvu ashuke bondeni, kesho wabadilishane. Najua foleni ni foleni na kila mtu anatazama hesabu ya jioni. Lakini vijiwe hivihivi vinachangiana misiba na matibabu. Kubadilishana abiria ni rahisi kuliko kuchangia jeneza.

Habari ya waliofunga si ndogo. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani vilipishana kwa siku moja tu au vikagongana, katikati ya Februari, jua likiwa kali kuliko miezi mingi. Dereva Mwislamu hawezi kunywa funda mchana, na kuna Mkristo aliyeacha chakula cha mchana. Wote wawili waanze kazi mapema, wapumzike kati ya saa sita na saa tisa, warudi jioni, ambapo abiria ni wengi hata hivyo. Aliyefunga anywe vya kutosha usiku na kwenye daku, na asione aibu kuwaambia wenzake kwamba kichwa kinamzunguka.

Ukiona mwenzako anaongea vitu visivyoeleweka, anayumba, anatapika, au ngozi inawaka kama ana homa kali, usimwambie apumzike kidogo atakuwa sawa. Joto la ndani likifika nyuzi 40 ubongo uko hatarini na dakika zina thamani. Mtoe juani, mvue jaketi, kofia na viatu, mwagie maji mwili mzima, mpepee kwa chochote, weka vitambaa vya maji shingoni, makwapani na kwenye mapaja. Akiwa anajitambua mnyweshe taratibu. Akiwa hajitambui, usimtie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Huku mnampoza mtafutieni gari mpaka Hospitali ya Wilaya ya Hai, iko hapohapo Bomang'ombe. Asipandishwe pikipiki akiegemezwa katikati ya watu wawili.

Na wenye pikipiki, nina neno nanyi. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoihalalisha pikipiki kama chombo cha abiria, hii ni biashara kamili, na biashara kamili hutunza mtambo wake. Kijana wa mkataba anayeogopa kusimama saa saba kwa sababu ya hesabu yako anaendesha mali yako akili ikiwa nusu. Mchana abiria wenyewe hupungua, nao wanakimbia jua. Mpe ruhusa ya wazi ya saa mbili za kivuli, useme kwa mdomo wako, ili asidhani akipumzika anakuibia.

Kivuli chenyewe kinahitaji kujengwa. Vijiwe vingi vya barabara kuu vimekaa juani kabisa, watu wazima wamebanana nyuma ya kibao cha duka la Mangi wakigombea kivuli cha upana wa mkono. Nguzo nne, mabati machache na ndoo yenye bomba haviishindi michango ya kijiwe cha watu ishirini. Ombeni ruhusa kwa serikali ya mtaa, muulizeni mwenye hifadhi ya barabara msimamo wake, kisha changeni. Wakati huohuo chimbeni mashimo nyuma ya kijiwe, mbali na nguzo za umeme. Mvua za kwanza za masika zikilowesha ardhi mwishoni mwa Machi, tieni miche ya mwarobaini au mjohoro, izungushieni miiba mbuzi wasiifikie, na wekeni zamu ya kuimwagilia kuanzia Juni, maana kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua miche mingi.